Mwembe na Ukoka Katika Uwanja Mmoja



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya mambo ya ndani ya nyumba: malezi, mapishi, afya ya watoto na matumizi ya fedha. Safari hii twatoka nje ya mlango kidogo, tusimame uwanjani. Maana katika nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa, na mpaka Namungo kwenyewe, umezuka siku hizi mvutano mdogo usio na kelele baina ya wazee na vijana. Mzee ana mwembe wake alioupanda kwa mkono wake, naye hataki uguswe. Kijana amerudi kutoka Dar es Salaam au Mtwara, ameona nyumba zilizozungukwa na nyasi za kijani, zimekatwa zikalingana kama zulia, naye ataka uwanja wa baba yake uwe vivyo hivyo. Basi hupatana kwa njia ionekanayo kuwa ya haki: mti ubaki, na chini yake zipandwe nyasi. Mwaka ukiisha, nyasi zimefanya vipara, mwembe haukuzaa, na mabinti wa nyumba wamechoka kwa kuchota maji. Hapo kila mmoja humlaumu mwenziwe.

Sisi hatuoni kwamba mmoja wao amekosa nia njema. Kosa liko katika kudhani kwamba mti na nyasi, kwa kuwa vyote viwili ni mimea ya kijani iotayo katika udongo mmoja, vyataka mambo mamoja. Havitaki mamoja. Ukimpa mmoja haki yake yote, mara nyingi umemnyima mwenziwe. Kwa hiyo hapana budi kujua kila mmoja ahitaji nini, ndipo mtu aweze kuamua ampe nani, na mahali gani.

Tuanze na jua, kwa sababu ndilo linaloanza kuwagombanisha. Ukoka, ambao ndio nyasi zipandwazo sana katika viwanja vya nchi yetu, ni mmea wa jua kali. Umeumbwa kwa mahali pa wazi, kando ya njia na malishoni, na majani yake hufanya kazi vizuri zaidi kadiri jua linavyozidi. Wataka jua lisilozuiwa kwa muda wa saa 6 au zaidi kila siku. Upewapo pungufu ya hapo hurefuka, hukonda, hupoteza rangi, hatimaye huacha udongo wazi. Sasa utazame mwembe uliokomaa. Majani yake ni mazito, meusi kwa ukijani, nao haupukutishi yote kwa pamoja mwaka mzima. Mwangaza ufikao chini yake wakati wa adhuhuri ni sehemu ndogo sana ya ule ulio nje. Kivuli hicho hicho tunachokishukuru tunapoketi ndicho kinachoua ukoka. Mkorosho nao ni vivyo hivyo, na pengine zaidi, kwa kuwa matawi yake huinama mpaka karibu na ardhi. Mtu yeyote aliyepita katika mashamba ya korosho ya mikoa ya Lindi na Mtwara amekwisha kuona kwamba chini ya mkorosho mkubwa pana majani makavu na mchanga, si nyasi. Hakuna aliyezing'oa. Zimekosa chakula chao, na chakula chao ni nuru.

Wako watu ambao, waonapo nyasi zimedhoofika chini ya mti, hudhani zina kiu, wakazidisha maji. Hiyo ni sawa na kumpa maji mtu mwenye njaa. Hayazisaidii nyasi, nayo huudhuru mti, kwa sababu ambayo tutaieleza.

Ama maji, hapa yafaa tukae kidogo, maana ndipo palipo na taabu ya nyumba. Nachingwea hupata mvua ya milimita 800 na zaidi kwa mwaka wa kawaida. London, mji mkuu wa Uingereza, hupata kiasi cha milimita 600 hivi. Msomaji atastaajabu: mbona basi bustani za Waingereza ni za kijani mwaka mzima, na zetu hugeuka rangi ya makuti ifikapo Agosti? Jawabu ni kwamba mvua ya kwao hugawanyika katika miezi yote 12, kidogo kidogo, chini ya jua dhaifu. Ya kwetu hushuka karibu yote baina ya Desemba na Aprili, kisha mbingu hufungwa nusu mwaka. Desturi ya kuzungusha nyumba kwa nyasi zilizokatwa fupi ilikulia katika nchi za namna ile, ikaja huku pamoja na nyumba za maofisa wa serikali ya kikoloni. Ni desturi nzuri kwa macho, lakini ilifunga safari bila ya kuchukua mvua yake.

Wala hii si mara ya kwanza nchi yetu kutazamwa kwa macho ya nchi nyingine. Wazee wa Nachingwea wamesimulia sana habari za mpango wa karanga. Mwaka 1946 wajumbe walitoka Uingereza, wakaitazama Tanganyika na nchi jirani kwa muda wa wiki tisa hivi, wakaandika kwamba mamilioni ya ekari yaweza kulimwa karanga kwa matrekta. Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, kisha ikaenea hadi Urambo na Nachingwea. Msitu ukaangushwa, bandari ikachimbwa Mtwara, reli ikajengwa. Mwanzo wa mwaka 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuacha mpango huo, na hasara ikawa pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, na miongoni mwao ni hii: mvua na udongo havikupimwa vya kutosha kabla ya miti kung'olewa. Mtu na uwanja wake wa hatua 20 hawezi kupata hasara ya namna ile, alhamdulillahi, lakini aweza kurudia kosa lile lile kwa kipimo kidogo.

Haya, tufanye hesabu, na vijana wa shule watusaidie. Mizizi ya ukoka, iliyo mingi, hukaa katika tabaka la juu la udongo, kina cha shubiri moja au mbili. Tabaka hilo hukauka upesi, hasa katika udongo wa kichanga. Kwa hiyo ukoka, ukitakiwa uwe wa kijani wakati wa kiangazi, wahitaji maji mara kwa mara. Chukua kadiri ya milimita 4 kwa siku moja ya jua. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Uwanja wa mita 10 kwa mita 10 una mita za mraba 100; basi wataka lita 400 kila siku, yaani ndoo 20 za lita 20. Ndoo 20 kila siku, kwa miezi mitano au sita! Mwenye bomba la maji na fedha ya kulipia ataona ni jambo la kawaida. Lakini katika nyumba ambayo maji huchotwa kisimani na kubebwa kichwani, nani atakayeyabeba? Twajua jibu. Ni mama na binti zake, wala si yule kijana aliyezitamani nyasi.

Mti mchanga, kwa upande wake, huridhika na ndoo mbili kwa wiki, zikimiminwa polepole katika kisima kidogo kilichochimbwa kuuzunguka, ili maji yazame chini wala yasitiririke. Hesabu ile ile yatuambia kwamba maji ya siku moja ya uwanja wa nyasi yatosha miti 10 kwa wiki nzima. Na tena haja hiyo ya mti haidumu. Mwembe uliotunzwa kwa kiangazi cha kwanza, cha pili na cha tatu huwa umekwisha kupeleka mizizi chini sana, mahali ambapo unyevu wa mvua za Machi ungaliko hata mwezi wa Septemba. Tangu hapo hauombi maji kwa mtu. Nyasi huomba kila mwaka.

Hata hivyo tusiwaonee ukoka. Rangi yake ya kahawia wakati wa kiangazi si mauti. Umelala. Vishina vyake vilivyo chini ya ardhi vi hai, na mvua za kwanza zikinyesha huamka katika muda mfupi. Kwa hivi, mwenye uwanja wa nyasi ambaye hana maji ya kutosha asihuzunike wala asitaabishe watu wake: na auache ulale. Kuukubali ulale ndiyo njia ya pekee ya kuwa na ukoka katika nyumba ya kawaida ya Nachingwea bila ya kuufanya kuwa mzigo.

Na sasa tufike kwenye ile sababu tuliyoahidi. Mwembe uliokomaa, tofauti na ukoka, wahitaji kiangazi. Miezi ile ya ukavu na ubaridi, Juni, Julai na Agosti, ndiyo imfanyayo mwembe kuacha kuchipua majani na kugeukia maua. Ukimwagiliwa maji kila siku kwa ajili ya nyasi zilizo chini yake, na tena ukitiwa ile mbolea ya chumvichumvi ambayo watu huipa nyasi ili ziwe na kijani kibichi, mwembe hupata habari isiyo ya kweli. Hudhani ni masika. Huchipua majani mazuri mekundu-mekundu, mwenye nyumba akafurahi, na mwezi wa Novemba huja bila embe. Isitoshe, unyevu unaokaa chini ya matawi huyapa nguvu maradhi ya ukungu yanayoyafanya maua yawe meusi na kupukutika. Wakulima wa korosho, wapambanao na ubwiriunga kila mwaka kwa unga wa salfa, hawahitaji kufundishwa na sisi jinsi ukungu unavyopenda hewa baridi na yenye unyevu.

Huo ni mti mkubwa. Kwa mti mchanga mambo ni mazito zaidi, kwa kuwa hapo nyasi ndizo zenye nguvu na mti ndio dhaifu. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini na mkemia mmoja wa Uingereza, Spencer Pickering, katika shamba la majaribio ya miti ya matunda la Woburn, lililoanzishwa mwaka 1894. Alipanda mitofaa, mingine katika udongo uliopaliliwa safi, na mingine akaiacha izungukwe na nyasi. Ile ya katika nyasi ilidumaa. Akataka kujua sababu. Akapanda nyasi katika masinia ya udongo yenye matundu, akayaweka juu ya udongo wa mti, hata mizizi ya nyasi isiweze kugusana na mizizi ya mti. Maji yaliyopita katika masinia yakauteremkia mti. Na bado mti ukadhoofika. Yeye aliamini kwamba nyasi hutoa sumu. Wataalamu waliomfuata wameona zaidi kwamba nyasi hunyang'anya: huyawahi maji na chumvi za naitrojeni kabla hazijafika kwenye mzizi wa mti. Ama iwe hili ama iwe lile, matokeo yake hayabishaniwi, nayo yamethibitika katika nchi nyingi baada yake.

Kwa hiyo, apandaye mti katika uwanja wenye ukoka na aweke duara la udongo mtupu kuuzunguka, upana wa mita moja kila upande, kwa miaka mitatu isiyopungua. Ndani ya duara hilo usiote hata unyasi mmoja. Mkono utang'oa; jembe lipite juu juu tu lisije likakata mizizi. Na ukoka hutambaa, msidanganyike: leo umeung'oa, wiki ijayo umetuma kidole chake tena. Kazi hii ni ya watoto wa nyumba, nayo haichukui zaidi ya dakika chache kila Ijumaa asubuhi.

Kuna faida nyingine ya duara hilo ambayo wengi hawaifikirii. Penye nyasi hapana budi kukatwa, na akataye hutumia fyekeo au mashine. Kijana aliye na haraka hulipeleka fyekeo mpaka kwenye shina, likachubua gome. Mara moja si kitu. Lakini chakula ambacho majani hukitengeneza hushuka kwa njia ya gome, si kwa njia ya mti wa ndani, na shina lililochubuliwa pande zote haliwezi tena kulisha mizizi yake. Miti mingi hufa hivi, na watu wakasema imepatwa na hasidi au ugonjwa. Na ikiwa nyasi zimeachwa zikarefuka, zikakauka, basi moto mmoja wa mwezi wa Septemba, ule utokao katika shamba la jirani anayesafisha pori lake, hupita juu ya ukoka na kuuacha hai, lakini huchoma gome la mche. Nyasi huota tena. Mche hauoti.

Majani makavu yaliyotandazwa ndani ya duara yatasaidia kutunza unyevu, lakini katika udongo wetu mchwa hawakosi, nao huanza na majani wakaishia kwenye gome. Basi tandaza, ila acha nafasi ya kiganja kati ya majani na shina, na kila baada ya siku chache yafunue utazame.

Msomaji atauliza: je, haiwezekani kabisa kuwa na vyote viwili? Yawezekana, ikiwa kila kimoja kitapewa upande wake. Na hapa Mwenyezi Mungu ametupa sisi wa kusini mwongozo ulio mwepesi kwa Mwislamu. Nachingwea iko nyuzi 10 na zaidi kusini ya Ikweta. Jua hutupita utosini mwezi wa Oktoba na tena mwezi wa Februari. Baina ya hapo, katikati ya mwaka, jua la adhuhuri liko upande wa kaskazini. Na kaskazini kwetu ni upande gani? Ni upande wa kibla, kwa kuwa Makka iko karibu moja kwa moja kaskazini ya Nachingwea, ikienda mashariki kidogo tu. Basi simama uwanjani kwako uelekee kibla, adhuhuri ya mwezi wa Juni au Julai: jua liko mbele yako, na kivuli cha kila mti kinaanguka nyuma, upande wa migongo ya wanaosali. Mti wa urefu wa mita 9 utatupa ncha ya kivuli chake kiasi cha mita 6 kusini ya shina. Kuanzia Novemba mpaka Januari jua huhamia kusini kidogo, na kivuli cha adhuhuri huelekea kibla, lakini ni kifupi, kama mita 2 tu kwa mti huo huo.

Maana yake ni hii. Katika kiangazi chote, upande wa kusini wa mti ndio wenye kivuli, na upande wa kaskazini ndio wenye jua. Panda nyasi zako upande wa kibla wa mti, nje ya kivuli cha matawi, nazo zitapata nuru. Uketi na wageni wako upande wa pili. Na atakaye kuikinga nyumba na jua kali la alasiri, na apande mti magharibi ya nyumba, hatua 10 hivi kutoka ukutani ikiwa ni mwembe, kwa kuwa mwembe hukua kwa upana kama unavyokua kwa urefu. Uwanja wa mashariki, wenye jua la asubuhi, utabaki kwa nyasi.

Yafaa pia kuchagua mti. Mwembe na mkorosho ni kama mwavuli uliofungwa vizuri. Mkwaju una majani madogo madogo, na nuru hupenya ikacheza chini yake, hata nyasi huweza kuishi ingawa hazinenepi. Mwarobaini, ukikatwa matawi ya chini mpaka juu ya kichwa cha mtu mrefu, huingiza jua la asubuhi na la jioni, nao wastahimili ukame kuliko mingi. Mkrismasi una kivuli chepesi na maua ya kupendeza, lakini mizizi yake hukimbia karibu na uso wa ardhi na matawi yake huvunjika kwa upepo. Sisi hatuupendi karibu na nyumba. Haya ni maoni yetu, na mwenye uzoefu mwingine ana haki ya kushika yake.

Lakini chini ya mwembe wenyewe, twasema wazi, msishindane. Acheni udongo. Tandikeni jamvi, wekeni benchi, wapeni watoto wa chuo mahali pa kusomea. Mwafagia uwanja kwa kuogopa nyoka, na hofu hiyo ni ya haki. Fagieni mnapoketi, lakini msiyapeleke majani yote jalalani. Yasogezeni kwenye ukingo wa matawi, nje ya miguu ya watu, yaoze hapo. Ardhi inayofagiliwa mpaka ing'ae kila siku, kwa miaka 20, huwa ngumu kama sakafu, mizizi hujitokeza juu kama mishipa ya mkono wa mzee, na mvua hupita bila ya kuingia.

Nyasi nazo zina kazi yake ambayo mti hauiwezi. Mahali penye mteremko, mvua kubwa za Desemba huukuta udongo mtupu na kuuchukua, na ukoka ndio unaoushika. Huzuia vumbi mbele ya baraza. Uwanja wa mpira, je? Jina la Namungo limejulikana nchi nzima kwa sababu ya timu yake, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019 na kuutumia uwanja wa Majaliwa pale Ruangwa. Hakuna atakayetaka mwembe katikati ya uwanja ule. Kadhalika kiwanja cha sala ya Idi, ambacho chataka nafasi wazi na ardhi isiyo na miiba. Hapo ukoka ni stahili yake, nao hautatutaabisha, kwa kuwa hapana aliyesema uwe wa kijani mwezi wa Septemba.

Misikiti yetu ingeweza kutuonyesha mfano mzuri. Kila msikiti una mahali pa kutawadhia, na maji yake, ambayo hayana sabuni wala mafuta, mara nyingi huishia katika dimbwi la mbu. Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja kidogo, kiasi cha chini ya lita moja, na sisi twamimina zaidi sana kuliko hapo. Hata tukipunguza, watu 20 wakitawadha kwa lita 2 kila mmoja, kwa sala moja tu, ni lita 40: ndoo mbili, yaani haki ya mti mmoja kwa wiki. Mfereji mfupi uliochimbwa kwa jembe watosha kuyapeleka kwenye miti mitatu au minne, kwa zamu, ikabadilishwa kila siku ili pasituame. Miti ikikomaa, maji hayo yahamishiwe kwa mingine. Na twajua sote ilivyopokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.), kwamba Mwislamu apandaye mti, akala humo mtu, au ndege, au mnyama, hiyo humwia sadaka. Alitukataza pia kukichafua kivuli ambacho watu hupumzika. Vijana wanaokaa chini ya mwembe wa msikiti na kuacha hapo mifuko ya plastiki na maganda ya miwa wamekwisha kulisikia hilo darasani.

Wenye nia ya kupanda msimu ujao na waanze mwezi wa Oktoba, ardhi ingali kavu. Shimo liwe la sentimita 60 kwa kila upande na kina kama hicho. Udongo wa juu uwekwe upande mmoja na wa chini upande mwingine. Changanyeni ule wa juu na debe moja au mawili ya samadi iliyooza vizuri, mlirudishie shimo kabla ya mvua, ili lishuke. Mche upandwe baada ya mvua kushika kweli, si kwa manyunyu ya kwanza, maana manyunyu ya kwanza katika nchi hii hudanganya. Zungushieni miiba mara hiyo hiyo, siku ile ile, kwa kuwa mbuzi hasubiri. Mabua ya ukoka yaweza kupandwa wakati huo huo upande wa kibla, shubiri moja moja, na yatafunika ardhi kabla ya mvua kwisha. Kisha mwezi wa Mei ukiingia, hesabuni ndoo zenu.